Kelele Inayonyamaza Karatina

Fundi Theuri wa Nyeri alikuwa na desturi moja iliyowaudhi madereva wote, nao waliivumilia kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine wa kumfikia. Dereva akileta gari gerejini na kufungua kinywa aeleze linavyoumwa, Theuri alimwinulia kiganja kilichojaa grisi na kumkata kauli. "Usiniambie kitu. Washa."

Kwa maoni yake, dereva ni mtu anayelinda kibarua chake. Atasema breki zilikataa kumbe alikuwa amesinzia. Atasema klachi imekwisha kumbe ni yeye aliyeikalia kutoka Karatina hadi Kiganjo. Injini haina tajiri wa kumwogopa wala mke wa kumdanganya, kwa hiyo Theuri aliisikiliza injini na kumnyamazisha dereva. Kilichomharibu ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi.

Gereji yenyewe ilikuwa mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi, kwenye mteremko unaoshukia mto Chania, mahali ambapo baridi ya mlima huingia asubuhi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Chombo chake kikuu kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha aliiweka kwenye chuma cha injini inayonguruma, na mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Valvu iliyolegea aliijua kwa mlio wake wa cherehani. Beringi iliyochoka hugonga kwa uzito, kama mtu apigaye ukuta kwa ngumi. Ekzosi iliyopasuka hufoka asubuhi na kutulia chuma kikishapata moto. Madereva walisimama pembeni, kimya kama watu walio kanisani, wakingoja hukumu.

Kazi hiyo alijifunza kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, kwenye shamba la mzungu huko Naro Moru, alikoanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kisha Emajensi ikaja ikawazoa vijana wa Nyeri, yeye na Kihara wakiwemo. Theuri na Kihara walikuwa wakini, yaani wenzi wa rika moja: walitahiriwa msimu mmoja, baada ya kuoga katika maji ya mto mmoja, asubuhi ambayo mmoja wao akisema hakulia kwa baridi, mwenzake ndiye shahidi. Walikamatwa wiki moja na wakajikuta kambi moja ya kizuizini, Mwea, wakichimba mifereji katika jua ambalo mtu wa Nyeri hajui hata kulitukana.

Huko Theuri alikimbizwa akiwa na karai la matope kichwani hadi magoti yakakataa. Kihara alipigwa rungu la kichwa akalala kutwa nzima bila kujijua, na alipozinduka aliuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Siku ya kuachiliwa, Theuri aligeuka akautazama ule mfereji, akatema mate, akaapa kwamba miguu yake haitashuka tena kupita daraja la Sagana.

Neno lake alilitunza. Uhuru ukaja, mifereji ile ikanywesha mpunga, baiskeli zikajaa barabara ya Wang'uru, na watu wakaanza kuisifu Mwea kana kwamba ilijichimba yenyewe. Theuri hakuisifu. Harusini, sahani ya wali ikimfikia, aliomba viazi, na wageni wakadhani ana vidonda vya tumbo. Kihara alikuwa wa namna nyingine. Yeye alisema tumbo halina siasa, na alipopata kazi ya kuendesha lori la kubeba mchele kutoka Mwea, aliikubali siku hiyo hiyo.

Lori lilikuwa la Gure, mfanyabiashara wa Kisomali wa Nanyuki aliyeuza mbuzi kwa mlango mmoja na nafaka kwa mlango mwingine. Lilikuwa Bedford la petroli, kuukuu, rangi yake imebaki kwenye pembe tu, lakini lenye moyo. Mwaka wa sita wa Uhuru, Kihara alilipeleka kwa Theuri kwa sababu lilikuwa likichoka kwenye vilima vya Naro Moru. Theuri hakulifanyia makubwa. Alilegeza bolti ya distribyuta, kile kikombe cheusi kinachozigawia plagi moto, akakizungusha kidogo tu ili moto uwake mapema zaidi, akasikiliza, akazungusha tena, mpaka injini ikaimba. Kutoka siku hiyo lori lilipanda kwenda Nanyuki kama lililokuwa likiitwa chakulani. Gure akafurahi, akamtumia fundi paja zima la mbuzi.

Halafu Kihara akarudi na uso uliokunjamana.

"Wakini, hii lori iko na kelele."

"Washa."

"Hapa haitasema. Inasemanga kule chini, nikiwa nimebeba. Nikikanyaga mafuta inalia, nikiachilia inanyamaza. Inanifuata kutoka Wang'uru mpaka nivuke Sagana, alafu nikifika Karatina, kwisha."

Theuri alicheka hadi akaegemea tairi. "Ati inanyamaza Karatina? Kwani iko na wakwe huko?"

Hata hivyo alilipima. Haki yake apewe, hakulipima kwa dharau. Aliweka bisibisi kila mahali pa kuwekwa, akatazama feni kama inagusa, akatikisa injini kwenye vikalio vyake, akapitisha kiganja kando ya ekzosi kutafuta pumzi inayovuja. Kisha akalijaza mawe ya ujenzi, akapanda karibu na Kihara, wakalipandisha kilima cha King'ong'o kwa gia ya tatu, mguu umedidimia kwenye mafuta. Lori likavuta likanyamaza kama mtu mwenye adabu. Wakashuka, wakapanda tena. Hapakuwa na kitu.

"Hii injini ni mzima kuliko wewe," Theuri alisema, kwa utani wa rika. Kihara hakucheka.

Kihara alirudi tena, na tena. Theuri alianza kumwona kero. Aliposikia lori likiteremka barabarani, alijitia chini ya gari lingine na kutoa miguu tu. Wakati huo Kihara, kwa kuihurumia injini, alikuwa akilitambaza lori kutoka Mwea kama anayebeba mayai, na mchele ukawa unafika Nanyuki wanunuzi wameshaondoka. Wachukuzi wa duka la Gure walimbandika jina: Redio. Walisema anashika stesheni ambayo wengine hawaipati.

Mwisho Gure mwenyewe akaja Nyeri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuketi.

"Bwana Fundi, mimi nataka neno moja tu. Lori iko na kelele ama haina?"

"Mimi sijasikia kitu."

"Wallahi?"

"Nimeipima na mzigo, nimeipima bila mzigo. Sijasikia kitu."

Gure aliitikia kwa kichwa. "Basi kelele iko kwa dereva. Kihara ni mtu mzuri, amenifanyia kazi miaka mingi. Lakini mwezi ukiisha nitatafuta mtu mwingine. Lori yangu siwezi kupatia mtu anasikia vitu haiko." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa huruma, na Theuri alihisi huruma ile ikimkwaruza kifuani. Angeweza kuongeza neno. Hakuongeza, akarudi chini ya gari.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Kihara alikwenda nyumbani kwa Theuri, Ruring'u. Watiri, mke wa Theuri, alimletea kiti, naye akakaa akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Theuri aliona hilo kwa mara ya kwanza, ingawa mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake wiki baada ya wiki.

"Wakini," Kihara alianza, "unakumbuka ile rungu?"

"Nakumbuka."

"Wangechi anasema ni hiyo." Wangechi alikuwa mke wake. "Anasema nikikaribia pale kambi ilikuwa, kichwa inaamka. Nikitoka, inalala. Nimefikiria sana, na naona hesabu yake haina makosa. Gari gani inaugua mahali moja? Wewe umepima, umesema ni mzima kuliko mimi."

"Hiyo nilikuwa natania."

"Najua. Lakini wewe hujawahi kukosea." Aliizungusha kofia. "Ameficha panga. Kuni zangu sasa zinapasuliwa na jirani. Amewaambia wazee wa kanisa waniombee, na leo wameniombea, kila mtu akisikia. Mimi sijali kazi, wakini. Kazi nitapata ingine. Lakini nataka kujua kama kichwa yangu ni yangu. Kuja twende Mwea mara moja. Ukikaa kando yangu na usisikie, nitampea Gure funguo mwenyewe, na nitakubali kupelekwa Nairobi kwa wale wa akili."

Theuri alitazama sakafu. "Unajua mimi siendi huko."

"Najua," Kihara alisema. Alivaa kofia, akaaga, akaenda zake.

Watiri alingoja geti lifungwe. Alikuwa mwanamke wa utani, na watu wa namna hiyo wakikusema hujui pa kushika.

"Baba Ngendo, wewe uliapa nini? Miguu yako haitashuka Sagana, ama?"

"Ndiyo."

"Basi haina shida. Miguu utaiweka ndani ya lori."

Theuri alimkata jicho. Watiri akaacha kutabasamu. "Mwenzako anaogopa kichwa yake mwenyewe," alisema, "na wewe unaogopa mfereji."

Ilimkasirisha. Alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika, akazipanga, akazipangua. Alimkasirikia mkewe, akamkasirikia Kihara, akamkasirikia yule askari wa kambi ambaye jina lake hakuwahi kulijua. Hasira ilipochoka, kilichobaki kilikuwa woga tu, na Theuri alikuwa na akili ya kutosha kuutambua. Jumanne asubuhi lori lilipopita, alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wake wa spana.

Walishuka Karatina wakiongea habari za mvua. Walipofika Sagana Theuri aligeukia dirisha. Daraja lilipita chini yao na hakuna kilichotokea, isipokuwa joto liliingia dirishani na harufu ile ikaja nalo, harufu ya matope yanayopikwa na jua. Kihara aliiona mikono ya mwenzake ikishika magoti, akaendesha.

Mwea haikumngoja kama alivyoiacha. Pale palipokuwa na nyaya na minara, mpunga ulikuwa umesimama kijani hadi macho yachoke. Wanawake walikuwa wakifua mablanketi mferejini, watoto uchi wakirukia maji, mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia na kuimba. Palipendeza. Theuri alikasirika kwamba panapendeza. Alitaka pawe pabaya, ili ubaya wake uwe ushahidi.

"Ile kona ni yetu," Kihara alisema, akionyesha kwa kidevu mahali mfereji ulipopinda. "Unakumbuka? Ile jiwe ilikataa, tukaizunguka." Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha ua alilolijenga kwake.

Kwenye kinu cha mpunga, wachukuzi walipakia magunia na Theuri akabaki ndani ya lori, jua likimchoma kupitia kioo. Walimwuliza kama ni mgonjwa. Alisema ndiyo. Miguu yake ilikuwa bado ndani, na kiapo kilikuwa bado kizima, kwa hesabu za Watiri.

Waliondoka mchana wakiwa wamejaa. Kihara aliliingiza lori kwenye barabara ya Kagio, akatia gia ya pili, ya tatu. Akakanyaga mafuta. Theuri alisikia upepo, magunia yakisuguana, mnyororo wa mlango wa nyuma. Hakusikia kingine. Alimtupia Kihara jicho na kumwona ametoa jasho juu ya mdomo, anatazama mbele kama mtu anayesubiri kusomewa kesi. Mungu wangu, Theuri aliwaza, kweli ni kichwa. Nilikuja kumzika.

Kisha barabara ikainuka kidogo, lori likalemewa, Kihara akadidimiza mguu.

Ikaja. Ilikuwa nyembamba na kavu, mahindi yakitikiswa ndani ya kibuyu, mbele kabisa, ndani ya chuma. Theuri aliijua hapo hapo. Hakuhitaji bisibisi wala kufumba macho. Ni kelele ambayo kila aoshaye vyuma hufundishwa mwaka wa kwanza: moto umewashwa mapema kuliko inavyotakiwa, unaipiga pistoni kichwani ikiwa bado inapanda. Na aliyeuwasha mapema alikuwa yeye. Nyani haoni kundule. Alihisi uso ukimwaka kwa aibu, na chini ya aibu, jambo ambalo hakulitarajia, furaha.

"Nasikia," alisema.

Kihara hakugeuka. "Usinidanganye."

"Nasikia, wakini."

"Unanihurumia. Umeona vile niko, na unanihurumia. Wacha."

Theuri alielewa kwamba neno lake, lililokuwa sheria kutoka Karatina hadi Nanyuki, halikutosha. Alilitumia vibaya siku alipoulizwa na Gure, na sasa halikununua kitu. Akageuza uso kabisa dirishani, asiuone mguu wa Kihara, akafumba macho, akainua kidole.

"Endesha vile unataka. Ikilia nitainua kidole. Ikinyamaza nitashusha. Wewe angalia."

Kihara akakanyaga. Kidole kikapanda. Akaachilia, kikashuka. Akakanyaga kidogo, pole, kwa hila, na kidole kikakaa chini. Akaongeza hadi mahali pale ambapo mahindi yalianza kutikisika, na kidole kikapanda kabla yeye mwenyewe hajawa na hakika. Alimjaribu kwa ujanja wote alioujua, kwenye tambarare na kwenye kilima. Mara moja kelele ilipokatika ghafla na kurudi, kidole kilitetemeka kikafanya vivyo hivyo.

Kihara alisimamisha lori kando ya barabara. Alizima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika. "Iko," alisema. "Iko. Iko." Alilia kama walivyokatazwa kulia siku ile ya mtoni, bila kujificha, na Theuri alikaa kando yake akitazama mpunga kwa sababu hakujua mahali pengine pa kutazama.

Boneti la Bedford hufunguliwa kutoka mbele. Theuri alikaa na mfuko wa spana mapajani kwa muda, akijua hakuna mwenye mkono mrefu wa kufika huko kutoka kitini. Kisha akafungua mlango, akashuka. Viatu vyake vikazama kidogo kwenye vumbi jekundu la Mwea. Alisimama akingoja kitu, hakujua nini. Ng'ombe mmoja alipita. Theuri akaenda mbele ya lori kufanya kazi.

Aliifunga mikono kwa kitambaa kwa sababu ya moto wa chuma, akalegeza bolti, akaurudisha ule wakati wa moto nyuma kidogo. Kihara alikuja akasimama karibu, macho mekundu.

"Ilikuwa nini?"

"Mimi." Theuri aliendelea kukaza. "Kule kwetu hewa ni nyepesi na baridi. Moto ndani ya silinda unashika pole pole, kwa hivyo mimi huuwasha mapema, na gari inavuta vizuri. Huku chini hewa ni nzito, ni moto, na umebeba. Moto unashika haraka, unagonga. Ukipanda Karatina unakuwa umerudi kwa hewa yangu. Mimi niliitengenezea Nyeri, alafu nikaipima Nyeri. Ningepima hapo mpaka nizeeke."

"Na mimi nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nilikuambia mwezi na mwezi. Ukitoa miguu tu chini ya magari." Sauti ya Kihara ilipanda. Sasa kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka, hasira ilipata nafasi. "Ningepelekwa Nairobi, Theuri! Ningefungwa na watu wanakula nguo!"

Hakumwita wakini. Theuri alisimama na spana mkononi, na kwa mara ya kwanza mbele ya dereva yeyote, hakuinua kiganja. Alimwacha aseme yote, na yalikuwa mengi, mengine ya tangu ujana. Yalipokwisha alisema, "Nisamehe. Sikukusikiliza." Kihara alipangusa uso kwa kofia. Alitazama mfereji, akamtazama mwenzake aliyekuwa amesimama kwenye udongo alioapa kutoukanyaga, akaona kwamba hilo nalo lilikuwa na bei yake. "Wacha iishe," alisema. "Funga hiyo kitu twende. Mchele inangojewa."

Kabla ya kufunga boneti Theuri alichukua patasi, akakwaruza alama mbili kwenye shingo ya distribyuta, moja ya kule chini na moja ya kule juu, akamwonyesha Kihara jinsi ya kuizungusha akifika Karatina na kuirudisha akishuka. Hakuwahi kumwonyesha dereva kitu kama hicho. Aliamini dereva akipewa spana atafungua hadi taya zake. Kihara alizungusha, akakaza, akazungusha tena, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko Theuri alivyodhani.

Walipokanyaga mafuta tena, lori lilivuta kimya hadi Sagana, likilegea kidogo kwenye vilima, lakini kimya. Kila baada ya muda Kihara aliongeza mafuta bila sababu, akasikiliza, akaachilia.

Nanyuki, Gure alikuwa mlangoni pa duka akihesabu magunia yakishuka. Alishangaa kumwona fundi.

"Lori iko na kelele," Theuri alimwambia, kabla hajaulizwa. "Ilikuwa nayo tangu niiguse. Ni mkono yangu."

Gure alimtazama sana. "Bwana Fundi, ulisimama mbele yangu ukasema hujasikia kitu."

"Nilisema. Na ilikuwa ukweli. Lakini sikuwa nimeenda mahali kelele iko."

Gure alishusha pumzi. Aliwageukia wachukuzi, akawaambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mbuzi kwamba mtu atakayemwita tena dereva wake Redio atafute kazi mahali pengine. Kisha akamshika Kihara bega, akamwambia kwa upole, "Nilikukosea, ndugu yangu. Nisamehe." Kihara aliitikia, lakini Theuri aliona kwamba hilo halikumfikia kabisa. Mtu aliyeshukiwa na tajiri wake hupona upesi; aliyeshukiwa na mkewe ndiye huchelewa.

Walilala Nanyuki, na asubuhi wakarudi na lori tupu. Walipofika njia ya kwenda gerejini, Theuri alijiandaa kushuka. Kihara hakupunguza mwendo.

"Twende kwangu kwanza," alisema. "Mimi nikimwambia Wangechi, ataniambia niombe."

Wangechi alikuwa nje, anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliliona lori, akamwona Theuri akishuka na mfuko wake, akainuka haraka mno, mikono imejaa maganda. Ilikuwa dhahiri alichofikiri: fundi amekuja kumleta mgonjwa.

"Mama Mutahi," Theuri alisema. "Nimetoka Mwea. Ile kelele iko. Nimeisikia na masikio yangu."

Wangechi alimtazama yeye, akamtazama mumewe aliyebaki kando ya lori kana kwamba haruhusiwi kukaribia. "Amekutuma useme hivyo."

"Hapana. Mimi ndiye niliiweka, nikitengeneza. Nikasema haiko kwa sababu sikutaka kwenda kusikia. Kichwa ya Baba Mutahi haina kitu. Ni mzima. Tangu mwanzo alikuwa anasema vile ilikuwa."

Wangechi akakaa chini palepale, kando ya ungo. Hakulia mara moja. Aliokota ganda moja la haragwe, akalitupa.

"Rudia," alisema.

Theuri akachuchumaa mbele yake, akarudia yote, polepole, hewa ya juu na hewa ya chini, mkono wake, neno lake kwa Gure. Machozi sasa yalikuwa yakimtiririka Wangechi, na aliyaacha. Theuri alipomaliza, Wangechi alimwambia arudie tena. Lakini kwanza alimwita mumewe aje akae karibu naye, wasikie pamoja.